RADA ANGANI, MIGUU ARDHINI

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na mwenzetu aliye mtumishi wa Serikali katika fani ya jiolojia. Inachapwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Katibu wetu aliponiandikia alinitaka nieleze kazi ninayoifanya Serikalini, tena nieleze kwa lugha ambayo hata wale waliokuwa wakikimbia kipindi cha Fizikia wataielewa. Ninawaona baadhi yao wameketi hapa mbele, na wengine leo ni wakubwa wangu wa kazi. Kwa hiyo nitajitahidi.

Kazi yangu ni kuchora ramani za miamba. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo huanza na picha za setilaiti zenye rada. Leo nitazungumza juu ya jambo moja tu katika picha hizo, nalo ni jinsi zinavyotuonyesha kama uso wa mwamba ni laini au unaparuza. Mtu anaweza kuuliza: jambo dogo kama hilo lina faida gani kwa taifa? Nitalijibu swali hilo. Lakini tangu sasa niseme neno ambalo ndilo kiini cha hotuba yangu. Rada iliyo angani inaweza kuhisi mparuzo wa jiwe kutoka umbali wa kilomita mia saba hivi, lakini haijui maana ya kile inachokihisi mpaka mtu aende kwa miguu yake akalipime jiwe hilo.

Mparuzo ni nini

Nikisema mparuzo sina maana ya milima na mabonde tuliyokuwa tukiyachora kwa mistari ya kontua katika somo la Jiografia. Nina maana ya vilima na vibonde vidogo vidogo, vya milimita au sentimeta chache, ambavyo ukipitisha kiganja juu ya jiwe unavihisi. Fundi seremala anaelewa jambo hili. Ubao uliotoka msumenoni unaparuza; ukishapigwa randa na msasa unakuwa laini. Ubao ni ule ule na mti ni ule ule, ila uso umebadilika.

Miamba nayo ndivyo ilivyo. Watu wa visiwa vya Hawaii, ambao wameishi na volkano kwa karne nyingi, wana maneno mawili ambayo wanajiolojia wa dunia nzima wameyaazima. Lava iliyoganda ikiwa laini, yenye mikunjo kama kamba au kama utando wa uji unaopoa, huitwa “pahoehoe”. Lava iliyoganda ikiwa imevunjika vipande vipande vyenye makali, ambavyo hula soli za viatu, huitwa “aa”. Ukizipeleka maabara, zote mbili huenda zikawa na kemikali zile zile. Tofauti yao iko katika namna zilivyotiririka na kupoa, na tofauti hiyo imeandikwa juu ya uso wake. Anayeweza kuusoma uso huo anaweza kujua mengi juu ya mlima ulioitapika lava hiyo.

Sasa rada inausomaje? Dereva yeyote aliyeendesha gari usiku baada ya mvua anajua jambo moja: lami yenye maji huonekana nyeusi. Taa za gari zinawaka kama kawaida, lakini maji ni laini kama kioo, kwa hiyo mwanga unaipiga barabara na kuendelea mbele. Hauji machoni mwa dereva. Lakini akifika mahali ambapo kokoto zimemwagwa, anaziona vizuri, maana kokoto hutawanya mwanga kila upande na sehemu yake humrudia.

Rada ya setilaiti hufanya vivyo hivyo. Haitazami chini moja kwa moja. Hutazama kwa ubavu, kwa pembe. Inapeleka mawimbi yake, kisha inasikiliza ni kiasi gani kimerudi. Uso laini huyasukuma mawimbi mbele yakapotea, na mahali hapo huonekana peusi pichani. Uso unaoparuza huyatawanya, mengine yakarudi kwenye antena, na mahali hapo hung'aa.

Kwa kuwa rada hubeba taa yake yenyewe, haijali usiku wala mchana. Kwa kuwa taa hiyo si mwanga wa kawaida bali ni mawimbi ya sentimeta kadhaa, hupenya mawingu na moshi. Tena haioni rangi hata kidogo. Jambo hili la rangi lina manufaa yake. Sisi Tanzania tunao mlima Oldoinyo Lengai, volkano pekee duniani inayojulikana kwa kutoa lava ya aina ya kaboneti ya sodiamu katika nyakati zetu. Lava hiyo ikitoka ni nyeusi au ya kahawia, na joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu za Sentigredi, karibu nusu ya joto la lava za kawaida. Lakini ikipata unyevu hugeuka nyeupe katika muda wa siku chache. Anayetazama picha ya kawaida anaweza kudhani ni majivu au hata theluji. Rada haidanganywi na weupe huo. Inauliza tu: uso wako ni laini au unaparuza?

Siafu, baiskeli na lori

Hapa ndipo palipo na somo lenyewe, na ninawaomba vijana wa Fizikia wasikilize. Je, barabara ya changarawe ni laini au inaparuza? Muulizeni siafu: atasema ni nchi ya milima. Muulizeni mwendesha baiskeli: atasema inamtikisa mikono. Muulizeni dereva wa lori la tani kumi: atasema ni barabara nzuri tu. Barabara ni moja, lakini kila mmoja anaipima kwa ukubwa wa gurudumu au mguu wake.

Katika rada, gurudumu ni urefu wa wimbi. Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, ameacha kanuni tunayoitumia mpaka leo. Chukua urefu wa wimbi, ugawe kwa 8, kisha ugawe tena kwa kosaini ya pembe ambayo wimbi linaufikia uso, pembe hiyo ikipimwa kutoka kwenye wima. Jibu unalopata ndilo mpaka. Vilima vidogo vya uso vikiwa chini ya kimo hicho, rada itauona uso kuwa laini. Vikiwa juu yake, itauona kuwa unaparuza.

Tufanye hesabu. Tuseme pembe ni nyuzi 35. Kwa wimbi la sentimeta 3, mpaka ni karibu sentimeta 0.5. Kwa wimbi la sentimeta 6, ni karibu sentimeta 0.9. Kwa wimbi la sentimeta 24, ni karibu sentimeta 3.7. Sasa chukueni uwanda wa changarawe wenye vilima vya sentimeta 2. Katika picha mbili za kwanza utang'aa; katika picha ya tatu utakuwa mweusi. Kwa hiyo mtu mwenye picha zote tatu anaweza kusema, bila ya kufika, kwamba mparuzo wa mahali pale ni zaidi ya sentimeta moja na ni pungufu ya sentimeta nne. Kitone kimoja cha picha kinaweza kufunika eneo la mita 20 kwa mita 20, na bado mng'ao wake unaamuliwa na mawe ya ukubwa wa kidole gumba. Mimi nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi na jambo hilo halijaacha kunishangaza.

Kanuni hii ina kikomo chake. Uso ukishaparuza kupita kiasi, picha hung'aa mpaka mwisho, na rada haiwezi tena kutofautisha mawe makali na mawe makali zaidi. Ni kama mizani ya kilo kumi: gunia la kilo hamsini na la kilo mia yote yataisukuma mizani mpaka mwisho.

Kazi hii ilivyoanza

Mahali palipotoa mafunzo mengi ya mwanzo ni Death Valley, bonde la jangwa katika jimbo la California, Marekani. Ni bonde kavu mno, na sehemu yake ya chini kabisa iko mita 86 chini ya usawa wa bahari. Halina msitu wa kuficha jiwe. Lina uwanda wa chumvi iliyosimama kama misumari, lina changarawe za mafuriko mapya na za mafuriko ya kale, na lina mchanga laini. Kwa mwalimu wa somo la mparuzo, hilo ni darasa lenye kila mfano. Mwaka 1976 wanajiolojia Schaber, Berlin na Brown walichapisha uchunguzi wao wa bonde hilo kwa picha za rada ya wimbi la sentimeta 25 zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Hawakutazama picha tu. Walizilinganisha na vipimo vya ardhini, sehemu moja baada ya nyingine.

Jangwani kama huko limeonekana jambo la kupendeza. Changarawe iliyoletwa na mafuriko ya karibuni imejaa mawe yaliyosimama ovyo, nayo hung'aa katika picha. Changarawe ya kale, iliyokaa maelfu ya miaka, mawe yake yamepasuka, yamelala na kushikana kama sakafu, nayo huonekana nyeusi. Kwa maneno mengine, uwanda wa mawe ukizeeka hulainika, na rada inaweza kutusaidia kupanga umri wake. Nikiwatazama wenzangu wa kidato changu naona kanuni hiyo haikuishia kwenye mawe, hasa nikitazama vichwa.

Tarehe 27 Juni 1978 Marekani ilirusha setilaiti iliyoitwa Seasat. Ilikusudiwa kutazama bahari, na ilifanya kazi kwa siku mia moja na chache tu kabla ya umeme wake kuharibika mwezi Oktoba. Lakini katika siku hizo ilipiga pia picha za nchi kavu, na wanajiolojia wakaona ni hazina. Mwezi Novemba 1981 chombo Columbia kilibeba rada ya wimbi la sentimeta 23.5 na kupita juu ya jangwa la Sahara, upande wa Misri na Sudani. Mahali ambapo macho huona mchanga mtupu, picha zilionyesha mabonde ya mito ya kale. Mchanga ulikuwa mkavu mno hata mawimbi yakaupenya yakafikia miamba na changarawe zilizo chini. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1982. Na angalieni walichofanya wataalamu wale: walikwenda jangwani, wakachimba mashimo, ili wahakikishe kwamba walichokiona pichani kipo kweli.

Mwaka 1994, ambao mimi niliingia kidato cha kwanza katika shule hii, chombo Endeavour kiliruka mara mbili, mwezi Aprili na mwezi Oktoba, kikiwa na rada zenye mawimbi matatu, ya sentimeta 3, 6 na 24 hivi. Ndiyo mawimbi niliyoyatumia katika hesabu yetu ya hivi punde. Miongoni mwa sehemu zilizopigwa picha ilikuwamo milima ya Virunga, mpakani mwa Kongo, Rwanda na Uganda. Huko nitarudi.

Mambo yanayodanganya

Ndugu Mwenyekiti, kama ningeishia hapo mngeondoka mkiamini kwamba kila kinachong'aa katika picha ya rada ni mwamba unaoparuza. Sivyo hata kidogo, na ni wajibu wangu kuwaambia.

Kwanza, mteremko. Ubavu wa mlima ulioielekea rada hung'aa hata kama ni laini, kwa sababu unayarudisha mawimbi moja kwa moja kama ukuta urudishavyo mpira. Pili, maji. Udongo ulioloa hurudisha mawimbi zaidi kuliko udongo mkavu. Picha iliyopigwa kesho yake baada ya mvua si sawa na ile ya kiangazi. Tatu, majani na matawi. Mawimbi mafupi huishia kwenye majani, nayo humwambia msomaji habari za kichaka wakati yeye anadhani anasoma habari za jiwe. Mawimbi marefu hupenya zaidi, lakini si mara zote. Nne, kazi za mikono ya watu: shamba lililolimwa matuta, kuta za nyumba, mabati. Na tano ni lile la Sahara: katika nchi kavu sana, uso unaouona pichani huenda si ule unaoukanyaga, bali ni ule ulio chini yake.

Nitatoa mfano. Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja ya washauri, ambayo sitaitaja, ilileta ofisini ramani nzuri sana ya rangi. Ndani yake palikuwa na sehemu kubwa iliyotiwa rangi nyekundu, na maelezo yalisema kwamba hapo kuna mwamba mgumu uliovunjika, unaofaa kwa kokoto za barabara. Tulipofika pale, mimi na dereva na vijana wawili wa kijiji, tulikuta kilima cha udongo kilichoielekea rada, chenye miiba tele. Mawe tuliyoyapata hayakuzidi kujaza karai. Wale vijana walitushangaa, wakatuambia kwamba kama tulitaka mawe tungewauliza wao, maana mawe yako ng'ambo ya korongo. Nasi tukaenda ng'ambo ya korongo, na mawe yalikuwako.

Sikuitaja habari hiyo ili tucheke. Ramani ile ilikuwa imelipiwa, na kama isingekaguliwa, mashine za kupasua mawe zingepelekwa huko kwa fedha za umma. Nimekaa katika vikao vingi vya bajeti. Fungu linalokatwa kwanza kila mara ni la safari za nyikani: mafuta ya gari, posho za wapimaji, mahema. Na hoja inayotolewa ni ile ile, kwamba siku hizi setilaiti inaona kila kitu. Jibu langu huwa fupi. Setilaiti inaona kila mahali, lakini haioni kila kitu, na hata kile inachokiona haikijui jina.

Milima ya Virunga

Sasa nirudi Virunga, maana huko suala hili si la kokoto bali ni la uhai wa watu. Mlima Nyiragongo uko kaskazini ya mji wa Goma, mashariki ya Kongo, ambako watu wengi huzungumza lugha hii hii yetu katika maisha ya kila siku. Lava yake ina silika kidogo mno, kwa hiyo hutiririka kwa wepesi kuliko lava nyingi duniani. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni lilipata nyufa likamwagika katika muda usiofika saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka ubavuni, lava ikaingia katikati ya Goma na kufika Ziwa Kivu, na maelfu kwa maelfu ya watu wakakimbia, wengi wao wakivuka mpaka kuingia Rwanda. Tarehe 22 Mei 2021 ulipasuka tena, na safari hii lava ilisimama pembezoni mwa mji. Jirani yake, Nyamulagira, hulipuka mara nyingi zaidi.

Milima hiyo hufunikwa na mawingu siku nyingi za mwaka. Kamera ya setilaiti inaweza kungoja wiki kadhaa ikiona pamba tupu. Tena miaka mingi kumekuwa na mapigano ambayo huwazuia wachunguzi kupanda. Mahali kama hapo rada ndiyo jicho lililobaki. Lava mpya ikifunika msitu au mashamba, uso wa nchi hubadilika na mng'ao wa picha hubadilika. Lava laini na lava ya makali hutofautiana. Kwa namna hiyo ramani ya mito ya lava inaweza kuchorwa na kurekebishwa, na ramani hiyo ni muhimu, kwa kuwa lava hufuata mabonde kama maji, na anayejua njia ilizopita zamani anaweza kukisia njia itakazopita kesho. Iko pia kazi nyingine ya rada, ya kupima ardhi inavyonyanyuka au kupasuka kwa sentimeta chache. Mwaka 2021 kazi hiyo ilisaidia kuonyesha kwamba ujiuji wa moto ulikuwa umejipenyeza chini ya mji wenyewe. Lakini hiyo ni hotuba ya siku nyingine.

Swali langu ni hili. Ni nani anayeweza kusema kwamba mkono huu wa lava ni wa mwaka 2002 na ule wa pembeni ni wa mwaka 1977? Rada haiwezi. Yeye huona nyuso mbili zenye mparuzo tofauti, basi. Wanaoweza kusema ni watu waliotembea juu ya lava hiyo, wakaokota vipande, wakatazama uoto wa kijivu unaoanza kuganda juu ya jiwe, wakawauliza wenyeji walioona kwa macho yao nyumba zao zikizikwa. Habari hizo zikishatiwa katika picha, ndipo picha inapopata ulimi. Waswahili wamesema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza kwamba picha hizi zinazotuletea habari kutoka juu zimeundwa hapa chini, kwa jasho la watu wenye viatu vilivyochanika.

Kwenda Zuhura kwa kupitia Iceland

Mtu anaweza kunipinga akisema: je, mahali ambapo haiwezekani kabisa kutembea? Ni pingamizi la haki. Nitamjibu kwa mfano wa mbali kuliko yote, sayari ya Zuhura.

Zuhura imefunikwa na mawingu mazito siku zote, na joto la uso wake linayeyusha risasi. Vyombo vichache vya Kisovieti viliwahi kutua na kupiga picha, vya kwanza vikiwa Venera 9 na Venera 10 mwaka 1975, navyo havikudumu zaidi ya saa mbili na kitu. Kisha chombo cha Marekani kilichoitwa Magellan kilifika huko mwezi Agosti 1990, na mpaka mwaka 1994 kilikuwa kimepiga picha za rada za asilimia 98 ya sayari hiyo kwa wimbi la sentimeta 12.6. Karibu yote tunayoyajua juu ya uso wa Zuhura, mito yake ya lava na nyanda zake, yametokana na weusi na mng'ao wa picha hizo. Mwaka 2023 wataalamu wawili, Herrick na Hensley, walizirudia wakagundua kwamba tundu moja la volkano lilikuwa limebadilika umbo kati ya Februari na Oktoba 1991. Picha zilikuwa zimekaa miaka zaidi ya thelathini zikimngoja mtu wa kuzisoma kwa uangalifu.

Wamarekani wanaandaa chombo kingine cha kwenda huko, kiitwacho VERITAS, nacho kitakuwa na rada. Na mnajua walifanya nini katika maandalizi yao? Mwaka 2023 walikwenda Iceland. Ndege yenye rada ikapita juu ya nyanda za lava, na wakati huo huo wanasayansi wakatembea chini juu ya lava hizo hizo, wakipima mparuzo wake na kuchukua vipande vya miamba. Kwa nini? Kwa sababu walijua kwamba picha za Zuhura hazitakuwa na maana mpaka mtu awe amejifunza, kwa miguu yake na kwa mikono yake, lava ya namna hii hutoa mng'ao gani katika rada ya namna hii. Pasipopitika, mtu hupima panapofanana na hapo. Ikiwa watu wanaokwenda sayari nyingine wanaanza kwa kutembea, sisi tunaochora ramani za wilaya zetu wenyewe tuna udhuru gani?

Ombi langu

Ndugu zangu, hali ya siku hizi si ya miaka ile. Zamani picha za rada zilikuwa mali ya wakubwa wachache. Setilaiti ya Sentinel-1 ya nchi za Ulaya ilirushwa mwezi Aprili 2014, nayo hupiga picha kwa wimbi la sentimeta 5.5 hivi, na picha zake hutolewa bure kwa mtu yeyote duniani. Tarehe 30 Julai 2025 Marekani na India zilirusha NISAR, yenye wimbi la sentimeta 24 pamoja na lingine fupi zaidi, na siasa yake ni hiyo hiyo ya kutoa bure. Mwanafunzi wa shule hii mwenye kompyuta anaweza kupata picha ya kilima kilicho nyuma ya bweni lake, sawa sawa na profesa wa Ulaya.

Kwa hiyo picha si tatizo tena. Kitu ambacho hakitolewi bure, na ambacho hakuna setilaiti itakayotuletea, ni ujuzi wa ardhi yetu wenyewe: jiwe hili ni lipi, linaparuza kiasi gani, miiba imeanza lini hapa, maji yanasimama mwezi gani. Ujuzi huo tusipoukusanya sisi, watakuja wengine kuukusanya kwa wiki mbili na kutuuzia ramani. Na wasipokuja, ramani zitachorwa bila ujuzi huo, na mashine zitapelekwa kwenye kilima cha udongo.

Nina ombi kwa wenzangu tulio katika utumishi wa Serikali na wa mashirika. Likija mezani fungu la safari za wapimaji, tusilikate kwa hoja kwamba picha zipo. Ni kwa sababu picha zipo ndipo wapimaji wanahitajika zaidi.

Na kwa ninyi vijana nina kazi ya kuwaachia, na Mkuu wa Shule amekubali. Kipimo cha mparuzo hakihitaji maabara. Chukueni mnyororo wa baiskeli wenye urefu wa mita moja. Utandazeni juu ya sakafu ya saruji: utafika mita moja. Utandazeni juu ya mawe, mkiuacha uingie katika kila kishimo: utafika pungufu, na jinsi mparuzo unavyozidi ndivyo upungufu unavyozidi. Wapimaji wa udongo wametumia njia ya namna hii katika nchi mbalimbali. Pimeni sehemu ishirini kilimani, uwanjani, korongoni na barabarani. Andikeni tarehe, andikeni kama mvua imenyesha, andikeni kuna majani kiasi gani. Mkimaliza niandikieni kwa anwani ya chama chetu, nami nitaleta picha za rada za mahali hapo hapo, tuziweke pamoja na daftari lenu, tuone zinakubaliana wapi na zinabishana wapi. Mahali zitakapobishana ndipo mtakapojifunza zaidi. Jamaa wachache wa kidato changu tumekwisha kuchanga fedha za minyororo kumi na mbili, na mweka hazina anazo.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema mengi na naona chakula kimekwisha kuiva. Nawatakia nyote mkutano mwema, na shule yetu maendeleo mema.